Nipe mji: kumfanya mchezaji ajali kinachotokea mezani

Mchezo wa kitendawili tunaujua wote. "Kitendawili!" "Tega!" Wasikilizaji wanajaribu, wanakosa, na mtegaji anadai apewe mji. Akipewa Musoma anaukataa, akipewa Bukoba anaukubali, anajisifu kwanza alivyofika huko na alivyopokewa, ndipo anatoa jibu. Mtazame aliyetoa mji: ndiye anayesikiliza kuliko wote. Bukoba si yake, pengine hajawahi hata kufika, lakini ameitaja kwa mdomo wake na sasa anataka kujua imefanywa nini.

Kwenye michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambapo mmoja husimulia dunia ya kubuni, kila mchezaji humsemea mhusika wake na dadu huamua yenye shaka, mambo ni hayo hayo. Mwendesha mchezo, au gemu masta kama wengi tunavyomwita, akiona wachezaji wamepoa hudhani hadithi haijanoga, basi anaongeza hadithi: ramani kubwa zaidi, watawala wengi zaidi, kurasa ishirini za historia ya nchi ya kubuni. Wachezaji wanazidi kupoa, kwa sababu humo hakuna hata mstari mmoja waliouandika wao. Mtu hujali alichokitoa. Kazi ya mwendeshaji ni kuwafanya watoe, kuandika walichotoa, na kukirudisha mezani kikiwa kimebadilika.

Ninayoyaeleza yanaifaa meza ya wachezaji wanne na mwendeshaji mmoja, kikao cha saa tatu, kila baada ya wiki mbili, hapa Mwanza. Kanuni ziwe zozote mnazotumia.

Kabla ya dadu ya kwanza

Tenga kikao kizima cha kutengeneza wahusika mkiwa pamoja. Saa mbili zinatosha. Usipokee mhusika aliyeandikwa nyumbani, kwa sababu huja karibu kila mara akiwa yatima, hana kwao, hadaiwi, hampendi mtu. Watu husema huo ni uvivu wa mchezaji, lakini mimi naona mara nyingi ni woga. Mchezaji amefundishwa na meza nyingine kwamba kaka akitajwa leo, kikao cha pili atakutwa amekufa. Amejifunza kutoweka kitu mahali kinapoweza kuibiwa. Basi toa ahadi mbele ya wote: ndugu wa mhusika hatauawa mchezaji akiwa hana nafasi ya kufanya lolote. Kisha hesabu. Ndugu akitokea mara tatu, mara mbili awe ameleta msaada (chakula, habari, ufunguo wa stoo) na mara moja tu awe ameleta tatizo.

Kila mchezaji ataje watu watatu: anayemdai, ambaye hawezi kumkatalia kitu, na ambaye hawezi kumtazama usoni. Jina na sentensi moja kwa kila mtu, kila mmoja kwenye kadi yake. Wachezaji wanne watakupa watu kumi na wawili, na huo tayari ni mwalo mzima (ufuko wa kushushia samaki) wenye uhai. Halafu kila mmoja ampe wa kushoto kwake kadi moja, na huyo aongeze mstari: mhusika wangu naye anamfahamu mtu huyu, na ni kwa sababu hii. Ukiiruka hatua hii utapata hadithi nne zinazokaa meza moja bila kusalimiana.

Majina yenyewe ni mgodi. Mchezaji akimwita mhusika wake Shija, meza ya Mwanza inajua bila kuelezwa kwamba ni mtoto aliyefuata baada ya mapacha. Basi uliza papo hapo: Kulwa na Doto wako wapi? Kwa swali hilo moja umepata ndugu wawili wakubwa, na hukulazimika kubuni chochote. Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Mvua gani, na mwaka huo nini kilisombwa?

Kuhusu mahali: mchezo mashuhuri kuliko yote wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na dunia yake ya kawaida ina ngome za mawe na misitu ya Ulaya. Haina ubaya. Ila hapa kwetu utatumia dakika kumi kueleza mtawala mdogo wa ngome ni nani na kwa nini watu wanamwogopa. Ukisema "mmefika mwaloni alfajiri, mitumbwi ya dagaa inarudi, karabai zinazimwa moja moja," huna la kueleza. Wachezaji wanasikia harufu, wanajua nani atakuwa na hela saa hiyo, nani anadaiwa na nani anapima kwa mizani iliyochezewa. Hazina nayo ni hivyo hivyo. Sarafu mia tano za dhahabu ni namba tu. Mfuko mmoja wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali, chini ya kiti cha mtumbwi, kila mtu mezani anajua thamani yake, na anajua kuwa usiku huu hawatalala.

Lakini kisiwa chenyewe cha hadithi kiwe cha kubuni, na wachezaji ndio wakipe jina. Kirumba, Kamanga na Ukerewe viwepo pembeni kama kweli. Ukichezea mtaa halisi, mchezaji anayekaa mtaa huo atashinda kila ubishi ("hapo hakuna duka, pana gereji"), na wengine watanyamaza.

Halafu lipo jambo ambalo halifai kurukwa. Ziwa hili limechukua watu, na kwenye meza yoyote ya Mwanza anaweza kuwepo aliyefiwa majini. Kanda hii ina majeraha mengine pia: mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, na ukatili dhidi ya watu wenye ualbino. Siku ya kwanza kabisa uliza kwa karatasi za kura, zisizo na majina: ni nini hakitaingia kabisa kwenye hadithi hii? Zisome, ziandike kwenye orodha moja, usiulize nani aliandika nini. Kisha weka katikati ya meza kadi yenye alama ya X. Yeyote akiigusa, tukio linakatwa hapo hapo na hakuna anayedai maelezo. Mchezaji asiye na uhakika wa usalama wake hatajiachia kwenye hadithi, hata uisimulie kwa ufundi wa namna gani.

Kadi

Nunua karatasi moja ya manila, kunja katikati mara tano, utapata vipande 32. Mkunjo wa nne na wa tano ni mgumu kwa unene wake, kwa hiyo kata baada ya mkunjo wa tatu, kisha kunja kila kipande mara mbili tena. Kila mtu, mahali, au ahadi iliyotajwa na mchezaji ipate kadi yake: jina, anachotaka, na jambo la mwisho lililompata pamoja na namba ya kikao. Nyuma ya kadi andika jina la mchezaji aliyemtoa.

Kaunta buku haifai kwa kazi hii, ingawa waendeshaji wengi wanaipenda. Kilichoandikwa ukurasa wa saba hukirudii kamwe, kwa sababu hukioni. Kadi huzimwaga mezani zote, na zilizosahaulika zinajionyesha kwa namba zake za kikao.

Mtumbwi wa kikundi nao uwe na kadi yake, kubwa kuliko nyingine. Wape mapema, kikao cha kwanza au cha pili, hata kama ni mbovu. Wauite jina wao, wachague rangi, wachague na maneno yatakayoandikwa ubavuni. Chora visanduku vitano vya uharibifu na vinne vya madumu ya mafuta, dumu moja kwa safari moja ya kwenda kisiwa kingine. Wachezaji watatetea mtumbwi waliouandika jina kwa nguvu kuliko watakavyotetea wilaya nzima uliyoibuni wewe. Sanduku la tano likijaa usiuzamishe, ila uache uvutwe ufukweni, na fundi awaambie bei.

Nipe mji

Hii ndiyo kanuni ninayoiamini kuliko zote, na inaingia kwenye mfumo wowote wa mchezo.

Wachezaji wakikwama kabisa, hawamjui aliyeiba mashine ya mtumbwi na dadu zimewakatalia, mmoja wao anaweza kusema: "Nakupa mji." Anataja mahali au mtu mwenye kadi mezani, na kadi hiyo iwe na jina lake nyuma. Mwendeshaji anaruhusiwa kukataa mara moja na kudai mji mkubwa zaidi. Akikubali, anatoa jibu kamili na la kweli, bila kubakiza nusu, kisha anaichukua kadi na kuiweka upande wake. Ndani ya vikao viwili vinavyofuata, kitu lazima kibadilike mahali hapo kwa namna ambayo wachezaji hawakuichagua.

Mji mmoja kwa kikao, kwa meza nzima. Mkiruhusu mmoja kwa kila mchezaji, mwendeshaji atakuwa na madeni manne kila baada ya wiki mbili, hatayalipa, na wachezaji watagundua kwamba kutoa mji hakugharimu kitu. Na mtu atoe kilicho chake. Bila sharti hilo, kikao cha tatu kila mtu atakuwa anagawa mama mzazi wa mwenzake.

Kosa kubwa ni kuuchoma mji. Ukiuchoma mara moja, kuanzia hapo watakupa maghala ya maadui na vichaka visivyo na mtu. Ubadilishe tu. Mchezaji amekupa kibanda cha Mama Doto, mama lishe anayemkopesha ugali na sato tangu mwanzo. Kikao kinachofuata Mama Doto yupo, mzima, anacheka, ila kibanda kimehamia karibu na mizani, na sasa anapikia vijana wa tajiri yule yule ambaye wahusika wanamkwepa. Bado anamkopesha, bado anamwita "mwanangu". Mchezaji atakaa hapo akijiuliza kama anaweza bado kuzungumza mambo yake mbele ya huyu mama. Moto usingempa wasiwasi kama huo.

Dadu

Seti ya dadu za pande nyingi si lazima. Vizibo 20 vya soda vilivyoandikwa 1 hadi 20 kwa maka peni, ndani ya mfuko mzito usioonyesha, vinafanya kazi ya dadu ya pande 20 sawasawa, mradi kizibo kirudishwe na mfuko utikiswe kila baada ya kuchota. Ukiacha vizibo nje uwezekano unabadilika, na wachezaji wajanja wataanza kuhesabu namba kubwa zilizobaki.

Kosa la kawaida ni kurusha dadu kwa kila kitu. Dadu iitwe pale tu ambapo kushindwa kunaleta jambo, na jambo hilo litamkwe kabla ya dadu kuanguka. "Ukishindwa, kamba inakatika na nyavu zinabaki na walinzi." Sasa wote wanne wanaitazama dadu, hata wasiohusika. Ukitamka baada ya dadu kuanguka, inaonekana umemwadhibu mtu.

Jua hesabu zako. Kwa dadu ya pande 20, lengo la 15 (yaani kupata 15 au zaidi) bila nyongeza ya ufundi wa mhusika hufikiwa mara 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Mwenye nyongeza ya 5 hulifikia mara 11 kati ya 20, asilimia 55. Mchezaji aliyejenga mhusika wake awe baharia hodari, kisha anashindwa karibu nusu ya safari zake za kawaida, ataacha kumwamini mhusika wake mwenyewe. Mambo ya kawaida ya ufundi wake mwachie bila dadu. Kwa dadu mbili za ludo hesabu ni nyingine: jumla ya 6 kushuka chini hutokea mara 15 kati ya 36, ya 7 hadi 9 mara 15, na 10 kwenda juu mara 6. Hiyo ya katikati, ya 7 hadi 9, itumie kwa "umepata, lakini kuna gharama". Ndiyo inayozaa hadithi nyingi kuliko kushinda na kushindwa.

Habari ambayo lazima waipate isifichwe nyuma ya dadu moja. Iwekee njia tatu: mtu anayeijua, kitu kinachoionyesha, na mahali palipobaki dalili. Wachezaji watapita moja bila kuiona, watatafsiri ya pili vibaya, na ya tatu itawafikisha.

Muda uonekane

Hatari isiyoonekana haimsumbui mtu. Chora duara kwenye manila, ligawe vipande sita, andika juu yake "Tajiri anauchukua mtumbwi", na ubandike ukutani. Kila wanapopoteza usiku mmoja au kumuudhi mtu asiyefaa kuudhiwa, paka kipande kimoja rangi, polepole, bila kusema neno.

Kalenda ya mwezi inafaa zaidi, na hapa kwetu haihitaji maelezo. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi siku za giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti samaki na kambi hupumzika. Chora visanduku 29, weka kivuli kwenye siku za giza. Mchezo umepata msimu wa pesa na msimu wa njaa, siku kambi imejaa watu na siku imebaki na wezi. Mchezaji akisema "tumebakiza siku nne za giza, tukimfuata huyo mtu leo hatutavua," ujue mpango wa kikao umeshaingia mikononi mwao.

Chaguo unalowapa liwe kati ya mambo mawili wanayoyataka. Upepo umegeuka, nyavu za mkopo ziko majini, na upande wa pili kuna taa inayopungwa na mtu msiyemfahamu. Kuvuta nyavu zote kunachukua muda ule ule wa kuifikia taa. Usiwape njia ya tatu mapema, na chochote watakachochagua, kile kingine kiwe kimepotea kweli. Wakigundua kwamba njia zote mbili zilikuwa zinafika pale pale, hutawaona tena wakibishana.

Nani anasema, nani amenyamaza

"Mnafanya nini?" ikiulizwa kwa meza nzima huzaa kimya, au humzaa yule yule anayejibu kila siku. Mtaje mhusika, taja kilicho mkononi mwake, kisha uliza. "Shija, umeshika kamba, yule mzee amekuita kwa jina la baba yako. Unamjibu nini?" Hapo pia adabu ni silaha nzuri. Mhusika akimpita mzee bila shikamoo, mzee asigombe. Aseme tu "marahaba" kwa salamu ambayo haikutolewa, na aendelee na kazi yake. Meza nzima itaelewa kwamba mlango umefungwa.

Piga hesabu ya nafasi. Saa tatu ni dakika 180. Toa dakika 30 za kuanza, kupumzika na kumaliza, zinabaki 150. Ukisema wewe nusu yake, kila mchezaji ana kama dakika 18 au 19. Ni chache. Weka alama ya penseli kila mchezaji anapopata tukio lake, na ukifika mapumziko angalia nani hana alama. Mkimya usimlazimishe hotuba. Mpe kitu: barua aliyopewa yeye peke yake, au mtoto wa mwaloni asiyezungumza na mwingine. Wakimya wengi wanafuatilia kuliko wasemaji.

Katika mashindano ya ngoma za Usukuma, makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja na watu huhamia upande unaovuta. Mcheza ngoma haambiwi kwamba amezidiwa, anaona. Mezani nako ni kuangalia miili. Wamesogea mbele, endelea na tukio hilo hata kama hukulipanga. Simu zimetoka, angalia saa: mara nyingi ni pambano ambalo kila mtu anachukua dakika tatu, kwa hiyo wanne pamoja na maadui zako, mtu anasubiri robo saa kufikiwa tena. Punguza maadui, mwambie anayefuata ajiandae, na wape wasiokuwepo kwenye tukio wahusika wa pembeni wawaigize.

Vurugu nyingine ni za mji wetu. Mvua ya vuli au masika ikigonga bati, sauti hazisikiki. Kuwa na tukio la kuandika tayari, kama barua au mapatano, kila mtu aandike yake na kuipitisha. Umeme ukikatika, washa tochi ya simu na uweke juu yake chupa angavu ya maji, mwanga utasambaa meza nzima badala ya kuwapiga machoni. Na mkipungua mmoja, chezeni. Meza inayoahirisha kwa ajili ya mtu mmoja huahirisha tena, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka Mama Doto ni nani.

Kuanza na kumaliza

Wewe usisimulie yaliyopita. Sema "Hadithi, hadithi!", na mchezaji mmoja, kwa zamu, ndiye aikumbushe meza. Nyamaza na uandike. Anachokitaja ndicho kilichobaki moyoni mwao; ulichokipenda wewe na hakikutajwa, kiache kife.

Simamisha mchezo dakika kumi kabla ya muda, hata kama pananoga. Uliza mawili tu: nani ungependa tumrudie, na mhusika wako anakusudia kufanya nini kikao kijacho? Majibu hayo ndiyo maandalizi yako, na saa moja inatosha: dakika ishirini kwa wanachokusudia, ishirini kwa madeni ya miji uliyopewa, ishirini kwa kuchagua kadi tatu. Moja iwe ya kikao kilichopita, moja iliyokaa zaidi ya vikao vitatu bila kuguswa, na moja yenye jina la mchezaji aliyesema machache. Kadi ya nne iende mezani ikiwa tupu, na kalamu juu yake, karibu na mkono wa huyo huyo.